Kuunda Pawasaplai ya Volti 12 Isiyovuma wala Kuungua: Mwongozo Kamili

Wasomaji wengi walioniandikia kuhusu pawasaplai, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa nyumba kuwa volti ndogo za kuendeshea vifaa, wameshindwa mahali pamoja. Wamenunua transfoma ya volti 12 (hupunguza volti za umeme wa nyumba), daiodi nne (hupitisha umeme upande mmoja tu), kapasita moja (huhifadhi umeme kwa muda mfupi) na regyuleta ya 7812 (hushikilia volti 12 zisibadilike), wameziunganisha kama mchoro unavyoelekeza, wamepima na kuona volti 12 kamili, kisha wameweka mzigo, yaani kifaa kinachotumia umeme huo, na spika ikaanza kuvuma. Wakiuliza, huambiwa waongeze kapasita. Wakiongeza, mvumo hupungua lakini haukomi, na baada ya muda regyuleta huwa ya moto kiasi cha kujizima yenyewe.

Kijana mmoja anayetengeneza redio Tandika, Dar es Salaam, aliniletea pawasaplai ya namna hiyo, aliyoiunda kwa ajili ya kipaza sauti (amplifaya) cha madrasa. Bila mzigo ilitoa volti 12.0. Tulipoiunganisha na kipaza sauti, mita ikashuka hadi 11.4 na spika ikavuma kabla mtu hajasema neno. Kila kiungo kilikuwa kimelehemiwa vizuri na hakuna kipuri kilichokuwa kibovu. Tatizo lilikuwa katika hesabu ambayo hakuifanya kabla ya kwenda dukani.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuunda pawasaplai ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 1, itakayofanya kazi hata jioni umeme unapopungua mtaani na hata mwezi wa Februari joto linapokuwa kali. Inafaa kwa redio, vipaza sauti vidogo, ruta na saketi za majaribio.

Onyo la kwanza. Upande mmoja wa kifaa hiki una volti 230 za umeme wa nyumba, nazo zinaua. Kama hujawahi kufunga plagi wala swichi, fanya hatua ya 3 na ya 4 ukiwa na fundi umeme pembeni yako. Usifanye kazi hii peku, usifanye sakafu ikiwa na maji, na usiguse waya wowote wa upande huo kabla ya kuchomoa plagi kwenye soketi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

## Mahitaji

Vipuri hivi hupatikana katika maduka ya vifaa vya elektroniki Kariakoo. Nenda na orodha, na usikubali mbadala bila kujua sababu ya namba iliyoandikwa.

- Transfoma ya volti 230 kwenda volti 15, ampea 2 (yaani VA 30: volti 15 × ampea 2), yenye koili mbili zisizogusana.
- Daiodi nne za 1N5408.
- Kapasita moja ya maikrofaradi 4700, volti 35.
- Kapasita moja ya maikrofaradi 100, volti 25.
- Kapasita mbili ndogo: moja ya maikrofaradi 0.33 na moja ya 0.1.
- Regyuleta ya 7812 yenye umbo la TO-220, yaani ile yenye mgongo wa chuma na tundu la skrubu.
- Daiodi moja ya 1N4007.
- Rezista ya kiloomu 2.2 ya nusu wati, rezista ya kiloomu 1 na LED moja.
- Fyuzi ya miliampea 250 ya aina inayochelewa (huandikwa T250mA), fyuzi ya ampea 2 ya aina hiyo hiyo, na vishikio vyake.
- Plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampea 3, waya wa nyuzi tatu na swichi ya volti 250.
- Hitisinki (kipande cha alumini cha kuondoa joto), grisi ya joto, verobodi (bodi yenye matundu ya kulehemia vipuri) na sanduku la chuma lenye matundu ya hewa.

Vya kupimia ni mita, balbu ya wati 40 ya zamani yenye uzi unaowaka (si ya LED), holda yake, balbu ya indiketa ya pikipiki ya volti 12 wati 10, na kapasita ya filamu ya maikrofaradi 1.

## Hatua ya 1: Fanya hesabu ya bonde la wimbi

Nitakaa hapa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine, kwa sababu wengi hushindwa hapa bila kujua kwamba wamekwisha kushindwa.

Mita yako husoma wastani. Umeme unaotoka kwenye daiodi na kuingia kwenye kapasita haukai kwenye wastani: hupanda hadi kilele, kisha hushuka hadi bonde wakati kapasita ikilisha mzigo, mpaka kilele kinachofuata. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na daiodi nne huugeuza kuwa vilele 100 kwa sekunde. Kwa hiyo kapasita huachwa peke yake kwa takriban sekunde 0.01 kila mara.

Regyuleta ya 7812 inahitaji volti ziingiazo ziwe juu ya zitokazo kwa takriban volti 2. Ikikosa, haiwezi kudhibiti, nayo hupitisha bonde la wimbi moja kwa moja hadi kwenye kifaa chako. Mabonde hayo, yanayokuja mara 100 kwa sekunde, ndiyo mvumo unaousikia. Swali la kujiuliza, basi, ni bonde linashuka hadi wapi, na kwa swali hilo wastani wa mita hausaidii.

Chukua pawasaplai ya yule kijana. Transfoma ya volti 12 ina kilele cha 12 × 1.41, yaani karibu volti 17. Umeme hupita katika daiodi mbili kwa wakati mmoja, na kwa mkondo mkubwa daiodi hizo hula karibu volti 2. Zinabaki 15. Kapasita yake ilikuwa ya maikrofaradi 2200. Kiasi cha kushuka hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa muda, kisha kugawanya kwa kapasita: ampea 1 × sekunde 0.01 ÷ faradi 0.0022, yaani volti 4.5. Bonde linafika volti 10.5. Hakuna regyuleta ya aina hii inayoweza kutoa volti 12 kutoka kwenye volti 10.5.

Sasa chukua transfoma ya volti 15 na kapasita ya maikrofaradi 4700. Kilele ni volti 21.2, ukiondoa daiodi zinabaki 19.2, kushuka ni volti 2.1, bonde linakaa kwenye volti 17.1. Tunahitaji 14, kwa hiyo tuna akiba ya volti 3.

Akiba hiyo ni ya jioni. Pima soketi yako saa mbili usiku, wakati majirani wote wamewasha feni na pasi, uone namba halisi. Umeme ukishuka hadi volti 200, transfoma ya 15 itatoa 13 tu, kilele baada ya daiodi kitakuwa 16.4, na bonde litakuwa volti 14.3. Bado tumo ndani ya mpaka, ingawa kwa tabu. Kama kwako umeme hushuka zaidi ya hapo, tumia kapasita ya maikrofaradi 6800 badala ya 4700.

Usikimbilie transfoma ya volti 24 kwa kudhani kwamba akiba kubwa ni nzuri zaidi. Kila volti inayozidi inageuka kuwa joto ndani ya regyuleta, kama utakavyoona katika hatua ya 7.

Namba mbili zaidi zinahitaji maelezo. Ya kwanza ni ampea 2 za transfoma, ilhali tunataka ampea 1 tu. Kapasita haichukui mkondo kwa utaratibu. Huchukua kwa mapigo mafupi makubwa karibu na kila kilele. Mapigo hayo hupasha koili joto kana kwamba mkondo ni karibu mara 1.8 ya ule unaoutumia. Transfoma ya ampea 1 itafanya kazi, lakini itapata joto hadi vanishi yake inuke.

Ya pili ni volti 35 za kapasita. Transfoma isiyo na mzigo hutoa zaidi ya iliyoandikwa, na ndogo kama hii inaweza kuzidi kwa asilimia 15. Umeme wa nyumba ukipanda nao hadi 250, kilele kwenye kapasita hupita volti 25. Kapasita ya volti 25 itavimba kichwa na siku moja itapasuka.

Utajua umefanikiwa ukiwa na namba tatu zilizoandikwa kwenye karatasi: kilele cha juu kabisa, bonde la chini kabisa, na volti ambazo regyuleta inahitaji. Bonde lazima lizidi namba ya tatu.

## Hatua ya 2: Kagua vipuri kabla ya kulehemu

Chomoa kila kitu, weka mita kwenye omu, pima koili za transfoma. Koili ya upande wa 230 huwa na makumi ya omu. Koili ya upande wa 15 huwa chini ya omu 2 au 3. Ukichanganya pande hizo na kuunganisha 230 kwenye koili ya volti 15, transfoma itaungua kwa sekunde chache.

Pima pia kati ya koili moja na nyingine, kisha kati ya kila koili na chuma cha transfoma. Mita isionyeshe muunganiko wowote. Ikionyesha, transfoma hiyo ni hatari, hata kama ni mpya.

Daiodi pima kwa alama ya daiodi: upande mmoja isome kati ya 0.5 na 0.7, upande wa pili isisome kitu. Kapasita kubwa itazame kwa macho: kichwa kiwe bapa, mpira wa chini usiwe na unyevu. Iliyokaa rafu miaka mingi hupoteza uwezo wake, kwa hiyo kama mita yako hupima maikrofaradi, pima palepale dukani. Inayosoma chini ya 3800 irudishe.

## Hatua ya 3: Upande wa volti 230

Waya wa kahawia ndio wa moto, wa bluu ni nyutro, na wa kijani wenye mstari wa njano ni wa ethi, yaani wa usalama unaokwenda ardhini. Waya wa moto uanze kwenye fyuzi ya miliampea 250, upite kwenye swichi, kisha uende kwenye transfoma. Nyutro iende moja kwa moja. Fyuzi na swichi zikiwekwa kwenye nyutro, kifaa kitazimika lakini transfoma itabaki na umeme wa moto, na atakayefungua sanduku akiamini limezimwa ndiye atakayeumia.

Waya wa ethi ufungwe kwa skrubu na washa (kile kiduara cha chuma cha chini ya skrubu) yenye meno kwenye chuma cha sanduku, mahali ulipokwangua rangi. Chuma cha transfoma nacho kiguse hapo hapo. Tundu la tatu kwenye soketi si uthibitisho kwamba nyumba ina ethi. Mwombe fundi umeme ahakikishe.

Kwa nini miliampea 250? Transfoma ya VA 30 huchukua takriban ampea 0.13 kwenye volti 230 ikiwa kazini. Fyuzi ya ampea 13 inayokuja na plagi haiwezi kuikinga: transfoma itawaka moto na fyuzi ikiwa nzima. Badilisha ya plagi iwe ya ampea 3, maana kazi yake ni kulinda waya, na uache ya miliampea 250 ilinde transfoma. Aina inayochelewa inahitajika kwa sababu transfoma huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi sana inapowashwa.

Kila kiungo cha upande huu kifunikwe kwa mpira wa kusinyaa, ule unaojikaza ukipashwa joto. Utepe wa plastiki huachia gundi kwenye joto na unyevu wa pwani, na baada ya miezi michache utaukuta umejifungua wenyewe.

## Hatua ya 4: Washa kwa mara ya kwanza kupitia balbu

Funga ile balbu ya wati 40 mfululizo na waya wa moto, yaani umeme upite kwanza kwenye balbu kabla ya kufika kwenye kifaa. Kama kuna shoti, balbu itawaka kwa nguvu na kuubeba umeme wote, badala ya transfoma kuungua au fyuzi kulipuka. Mafundi wa redio wa zamani hawakuwasha kifaa kilichofunguliwa bila balbu hii, na sioni sababu ya kuacha desturi hiyo.

Wakati huu transfoma isiwe imeunganishwa na kitu upande wa pili. Washa. Balbu inaweza kumeta mara moja kisha ikazima au ikabaki hafifu sana.

Utajua umefanikiwa balbu ikiwa imezima na mita, ikiwa kwenye AC (umeme wa kwenda na kurudi), ikisoma kati ya volti 15 na 18 upande wa pili. Balbu ikiwaka sawasawa, chomoa plagi na urudi hatua ya 2.

## Hatua ya 5: Daiodi na kapasita kubwa

Weka fyuzi ya ampea 2 kati ya transfoma na daiodi. Panga daiodi nne hivi: ncha zenye mstari wa kijivu za daiodi mbili zikutane pamoja, hapo ndipo chanya, ncha zisizo na mstari za daiodi mbili nyingine zikutane pamoja, hapo ndipo hasi, na kila waya wa transfoma uingie kwenye kiungo kimojawapo kati ya viwili vinavyobaki.

Lehemu kapasita ya 4700. Mstari wenye alama ya kutoa ubavuni mwake ndio mguu wa hasi. Ukiigeuza itapata joto, itatoa mvuke na inaweza kulipuka usoni. Usiinamie saketi unapowasha kwa mara ya kwanza.

Kando yake weka rezista ya kiloomu 2.2. Kapasita hii hubaki na umeme baada ya kuchomoa plagi, na rezista hiyo huumaliza kwa takriban dakika moja. Bila rezista, bisibisi ikigusa miguu miwili utaona cheche na utaharibu kapasita.

Washa tena kupitia balbu. Balbu itamulika kwa nguvu kidogo kapasita ikijaa, kisha itafifia. Mita kwenye DC (umeme wa mwelekeo mmoja) isome kati ya volti 19 na 25.

## Hatua ya 6: Nukta ya sifuri

Hapa ndipo wanaposhindwa hata waliofanya hesabu vizuri. Wana transfoma sahihi, kapasita sahihi, bonde liko juu, na bado spika inavuma. Sababu yao ni waya.

Tumesema kapasita hujazwa kwa mapigo. Kwa mzigo wa ampea 1, pigo moja linaweza kufika ampea 5. Sasa fikiria waya mwembamba wa milimita za mraba 0.2, wenye urefu wa sentimita 20, unaotoka kwenye hasi ya daiodi hadi kwenye hasi ya kapasita. Ukinzani wake ni kama omu 0.017. Inaonekana si kitu. Lakini ampea 5 zikipita humo huacha volti 0.085, na volti hizo huja na kuondoka mara 100 kwa sekunde.

Ukiunganisha mguu wa kati wa regyuleta, au waya wa hasi wa kipaza sauti, popote kwenye kile kipande cha sentimita 20, milivolti hizo 85 zinajumlishwa kwenye kile kinachotoka. Regyuleta haiwezi kuziondoa, kwa sababu yenyewe hudhibiti kwa kulinganisha na mguu wake wa kati, na mguu huo ndio unaotikisika. Kipaza sauti kinachoukuza umeme wa maikrofoni wa milivolti chache kitazisikia milivolti 85 kama ngurumo.

Tiba haihitaji kipuri chochote. Hasi ya daiodi iende kwenye mguu wa hasi wa kapasita kwa waya mnene na mfupi, na isiguse kitu kingine njiani. Kisha mguu huo wa kapasita uwe nukta ya sifuri: kutoka hapo ndipo utoke waya wa kwenda kwenye mguu wa kati wa regyuleta, na kutoka hapo hapo, kwa waya wake wenyewe, utoke waya wa hasi wa kwenda kwenye kifaa. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya: daiodi zifike kwenye mguu wa kapasita kwanza, na regyuleta ichukue kutoka kwenye mguu huo, isichukue njiani.

Nilipofungua ile pawasaplai ya Tandika, hasi ya kifaa ilikuwa imelehemiwa kwenye daiodi kwa sababu tu ndipo palipokuwa karibu na ukingo wa bodi. Kuhamisha waya mmoja kwa sentimita 8 kulipunguza mvumo kabla hata hatujabadilisha transfoma.

## Hatua ya 7: Regyuleta na hitisinki

Ukiitazama 7812 maandishi yakikuelekea na miguu ikiwa chini, mguu wa kushoto ni wa kuingilia, wa kati ni sifuri, wa kulia ni wa kutokea. Usidhani familia ya 79 inafuata mpangilio huo. Ile ina sifuri kushoto na ya kuingilia katikati, na wengi wameziunguza kwa kukosa kusoma namba.

Kapasita ya 0.33 iwekwe kati ya mguu wa kuingilia na sifuri, ya 0.1 kati ya mguu wa kutokea na sifuri, zote zikiwa karibu na miguu kadiri inavyowezekana. Zikikosekana, regyuleta inaweza kuanza kutetemeka kwa masafa ya juu yasiyosikika. Dalili yake ni kupata joto hata bila mzigo. Kapasita ya 100 iwekwe upande wa kutokea. Daiodi ya 1N4007 ifungwe kutoka mguu wa kutokea kwenda mguu wa kuingilia, mstari wake ukielekea wa kuingilia, ili upande wa kuingilia ukipata shoti, umeme uliobaki kwenye kapasita za mbele usirudi nyuma kupitia regyuleta. LED na rezista ya kiloomu 1 zikae kwenye volti 12.

Sasa joto. Kwenye umeme wa kawaida, regyuleta hupokea wastani wa volti 18 na kutoa 12. Volti 6 kwa ampea 1 ni wati 6. Umeme ukipanda hadi 245, zinakuwa wati 7.5. Bila hitisinki, umbo la TO-220 hupanda karibu nyuzi joto 65 kwa kila wati, kwa hiyo wati 2 tu ndani ya sanduku lenye nyuzi 40 zinatosha kuifikisha mahali inapojizima.

Hesabu ya hitisinki ni hii. Tunataka ndani ya regyuleta pasizidi nyuzi 110, na hewa ya sandukuni tuichukulie kuwa 40, kwa sababu Dar es Salaam hewa ya nje peke yake hufika 32. Tofauti ni 70. Gawanya kwa wati 7.5, unapata nyuzi 9.3 kwa wati. Toa 5 zinazopotea kati ya ndani ya regyuleta na mgongo wake, toa nusu moja ya grisi, zinabaki 3.8. Nunua hitisinki ya nyuzi 3.5 kwa wati au chini yake. Ukikosa yenye namba, bamba la alumini la unene wa milimita 3 na ukubwa wa takriban sentimita 15 kwa 15, lililosimama wima na kupata hewa pande zote mbili, linakaribia hapo.

Grisi ipakwe nyembamba kama mafuta kwenye mkate. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo tu. Ikiwa nene inazuia joto. Mgongo wa 7812 umeungana na mguu wa kati, kwa hiyo hauhitaji maika (kipande chembamba kinachopitisha joto lakini si umeme) kama hitisinki yako haigusi sanduku. Ikigusa sanduku, weka maika, la sivyo sifuri itapata njia ya pili na kazi ya hatua ya 6 itapotea.

Wapo watakaouliza kwa nini tusitumie kibadilishi cha kukatakata, kama moduli ya LM2596, ambacho hakipotezi wati hizi. Kwa taa, chaja na mota kitumie bila wasiwasi. Lakini hukata umeme takriban mara 150,000 kwa sekunde, na mabaki ya ukataji huo huingia kwenye redio ya masafa ya kati na kwenye vipaza sauti visivyokingwa. Kwa kazi ya sauti, kubali kupoteza wati 6.

## Hatua ya 8: Jaribu kwa mzigo

Ondoa ile balbu ya wati 40, kwa sababu sasa itapunguza umeme na kukudanganya. Unganisha balbu ya indiketa ya pikipiki kwenye volti 12. Itavuta karibu ampea 0.8.

Pima DC upande wa kutokea: isome kati ya 11.5 na 12.5, na isishuke kwa zaidi ya sehemu ndogo ya volti kutoka ilivyokuwa bila mzigo.

Kisha pima viwimbi. Weka mita kwenye AC, na kapasita ya filamu ya maikrofaradi 1 iwe mfululizo na waya mwekundu wa mita. Bila kapasita hiyo, mita nyingi za bei nafuu huichukulia DC kama AC na kukuonyesha namba isiyokuwepo, mara nyingi zaidi ya mara mbili ya volti halisi. Kwenye mguu wa kuingilia wa regyuleta tarajia karibu nusu volti. Kwenye mguu wa kutokea mita isome sifuri. Hata 0.1 ni nyingi.

Kama mvumo upo, sikiliza sauti yake kabla ya kushika kifaa cha kulehemia. Mvumo wa hezi 100 ni ule tuliouhesabu: bonde limeshuka mno, au sifuri imeungwa pabaya. Mvumo wa hezi 50 ni mzito zaidi, chini yake kwa oktavi moja ya muziki. Huo humaanisha daiodi moja haifanyi kazi, au transfoma imekaa karibu mno na waya wa sauti. Zungusha transfoma kwa robo duara huku ukisikiliza. Mvumo ukibadilika, kosa ni la mahali ilipokaa.

Volti zikiwa sawa kwa dakika chache kisha zikazima na kurudi zenyewe, regyuleta inajikinga na joto. Rudi kwenye hitisinki. Usibadilishe regyuleta.

## Hatua ya 9: Funga sanduku na uiache saa mbili

Jaribio la mezani sanduku likiwa wazi halihesabiki. Funga sanduku, weka mzigo, iache kwa muda wa saa mbili mchana wakati wa joto, bila feni kuipepea. Kisha chomoa plagi, subiri dakika moja kapasita iishe umeme, fungua na uguse hitisinki kwa kidole. Ukiweza kukishikilia kwa sekunde tatu au nne, iko kwenye nyuzi 55 hivi na ni salama. Ukikiondoa papo hapo, ongeza matundu chini na juu ya sanduku ili hewa ipande, au hamishia hitisinki nje, kisha urudie saa mbili zile zile.

Transfoma nayo iguse. Vuguvugu ni kawaida. Harufu ya vanishi si kawaida.

Kama unaishi karibu na bahari, pulizia upande wa chini wa bodi vanishi ya bodi baada ya majaribio yote kukamilika, ukiruka skrubu za ethi na vishikio vya fyuzi. Hewa ya chumvi hula risasi na miguu ya shaba taratibu, na kiungo kilicholiwa huanza kuvuma tena mwaka unaofuata, wakati umeshasahau ni waya gani ulioushika mwisho.